Mikono Yangu Ilikuwa Ndani ya Koti

Vijana wangu, kabla sijafika kwa chui, lazima niwaeleze habari ya koti. Bila koti hamtaelewa kwa nini sikukimbia, na mtanichukulia kama wanavyonichukulia wengine hapa Majengo, kwamba siku ile ama nilikuwa mjinga, ama hadithi yote nimeitunga.

Zamani picha ilikaa kwenye mkanda, na mkanda ukipigwa na mwanga kabla haujasafishwa, umekwisha. Harusi nzima inapotea, bwana na bibi harusi na mashangazi wote. Sasa, kuna siku mkanda unaharibika ndani ya kamera na wewe uko mbali na chumba cha giza. Hapo ndipo koti linapofanya kazi. Unachukua koti zito lenye bitana nyeusi. Unaingiza kamera ndani pamoja na kopo la kuhifadhia mkanda, unafunga vifungo vyote, unakunja ukosi mara mbili na pindo la chini mara mbili, unabana mikunjo kwa magoti. Kisha unapitisha mikono yako kinyume ndani ya mikono ya koti, unaanzia pale vidole vinapotokea mtu akivaa, mpaka viwiko vizame. Ndani mle ni giza tupu. Unafungua kamera kwa kupapasa, unaviringisha mkanda kwa ncha za vidole, unautia koponi, unafunga mfuniko. Ndipo unatoa mikono. Siyo kabla.

Mzee Haule, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa akisema, "Mikono ikishaingia kwenye koti, huna mikono. Nzi akitua puani, mwache atembee. Mkeo akiita, asubiri."

Nilimwuliza, "Na nyumba ikishika moto, Mzee?"

"Ungua polepole. Mkanda uingie koponi kwanza."

Tulicheka sana. Sikujua kwamba siku moja nitayakumbuka maneno yale bila kucheka hata kidogo.

Nilifika kwake kufagia. Baba alikuwa ameshafariki, mama akamfuata nikiwa darasa la tano, na mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu walikuwa wadogo zangu, na wa mwisho, Otilia, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Bibi mzaa mama alituchukua wote nyumbani kwake, njia ya kwenda Peramiho, na mimi nikaacha shule nikaja mjini kutafuta kibarua. Mzee Haule alikuwa na studio ya mlango mmoja hapa Majengo, yenye pazia lililochorwa ziwa na ndege ya abiria. Wiki ya kwanza tu nikamletea chai. Nikaona mlango umefungwa, nikaufungua. Mzee alikuwa ndani anasafisha harusi ya mwalimu. Alinitazama, akapokea kikombe, akanywa mpaka mwisho.

"Chai nzuri," alisema. "Ila umeiunga kwa harusi ya watu."

Hakunifukuza. Kesho yake alianza kunifundisha, maana alisema mtu aliyeshtuka vile hatafungua tena mlango bila kubisha. Ni kweli. Mpaka leo nabisha hodi hata kwenye chumba changu mwenyewe.

Alinifundisha kuchanganya dawa, na kupima joto la maji kwa kiwiko kama mama anayeogesha mtoto. Akanifundisha pia soksi. Msicheke. Kulikuwa na akina mama watu wazima ambao wakipewa picha wanaona makunyanzi, wanakataa kuichukua. "Huyu siye mimi, umenipiga na jua." Basi Mzee Haule alikuwa na kipande cha soksi ndefu ya nailoni, zile nyembamba za kike. Wakati wa kuchapa picha anakiweka chini ya lenzi ya mashine ya kukuzia, mwanga unapitia humo. Makunyanzi yanayeyuka. Mama anachukua picha yake anaondoka anaruka. Nilishika tabia hiyo. Kila mtu mzima aliyepita mikononi mwangu alipitia kwenye soksi, bila hata mimi kufikiri, kama unavyotia chumvi kwenye mboga.

Koti lenyewe tulilipata miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na mitumba ikaanza kumwagika sokoni. Lilikuwa la nchi za theluji, zito kama maiti, na kila mtu aliliona akalipita. Mzee Haule alipoona bitana yake nyeusi, alilikumbatia palepale mbele ya wachuuzi.

Sasa nije kwa bibi.

Bibi alikataa kupigwa picha maisha yake yote. Mjukuu wake ni mpiga picha, na yeye hana hata moja! Nikimwambia akae nimpige, anajibu, "Nikikupa sura yangu kwenye karatasi, mtakuwa mnatazama karatasi. Mimi nani atakuja kunitazama?" Basi tukawa tunakwenda kumtazama yeye.

Aliyeumia ni Otilia. Mama yetu hakuacha picha hata moja. Mimi na wanaonifuata tulikuwa na sura yake kichwani, mimi zaidi. Otilia hakuwa na kitu. Tangu mdogo alikuwa akiuliza, "Kaka, mama alifananaje?" na watu wazima wote walimjibu jibu moja: mtazame bibi yako, ndiye yeye, mpaka mwanya wa meno. Mtoto anatazama, anaona bibi kizee. Anarudi kuniuliza tena.

Mwaka ule wa chui, mvua zikiwa zimekolea, nilimkuta bibi amekaa nje kwenye kigoda, amejifunga kanga kichwani, anachambua maharage. Akaniambia mwenyewe, "Haya, nipige. Otilia amenichosha." Nilidhani sikusikia vizuri. Nikapiga haraka asije akaghairi. Kuku akaruka juu ya ungo, bibi akacheka, nikapiga na hapo. Mkanda ulikuwa na nafasi nyingi bado, na sisi hatukuwa tukikata mkanda kabla haujaisha, dawa zilikuwa hazipatikani kirahisi. Nikamwambia Otilia asubiri, mkanda ukiisha tu.

Kabla haujaisha, bibi aliamka asubuhi moja akalalamika kifua, na jioni hakuwepo. Nawaambieni, nilisimama kaburini nikiwa siamini. Na baada ya kuzika, Otilia, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, alikuja studio kila siku na swali moja tu.

"Kaka, mkanda umeisha?"

"Bado, mdogo wangu."

"Mpige hata mbwa basi. Mpige hata mimi. Uishe tu."

Ndipo akatokea Mangi. Ndivyo tulivyomwita, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Kilimanjaro na kufungua gesti. Alitaka picha za wanyama za kutundika vyumbani. Nikamweleza kuwa za rangi zinakwenda kusafishwa Dar es Salaam, zitarudi baada ya wiki kadhaa.

"Wiki? Wageni wangu wanafika Jumapili! Piga hizo nyeusi na nyeupe. Pundamilia ana rangi gani nyingine?"

Nilikubali papo hapo. Siyo kwa ajili ya gesti. Nilipiga hesabu kwamba wanyama watamaliza mkanda, na jioni Otilia atapata sura ya bibi.

Kuna hifadhi ndogo ya wanyama nje kidogo ya mji wetu, mnaijua, mmepelekwa na shule. Niliamka nikakuta mvua. Nikaondoka hivyo hivyo kwa baiskeli, kamera nimeivisha mfuko wa nailoni shingoni, na koti nimelifunga kwa nailoni nyingine kwenye keria, maana koti likilowa halifai kitu. Akina mama waliojibanza kwenye vibaraza vya maduka waliniona nimelowa chapachapa.

"We fundi wa picha! Koti unalibeba, mvua inakunyeshea wewe?"

"Linaumwa hilo, analipeleka hospitali!"

Niliwaacha wacheke.

Mtunza wanyama pale alikuwa Mzee Mapunda, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni. Nilimwamkia shikamoo akanijibu marahaba huku ananitazama kama mgonjwa. "Leo hata wanyama wenyewe wamejificha, wewe umetoka," alisema. Akanionyesha njia na kibanda cha nyasi cha kupumzikia wageni, kule ndani karibu na mto, kisha akarudi kwenye moto wake.

Nilipiga pundamilia wa kwanza akiwa amesimama tu mvuani, maji yanamtiririka tumboni. Nilipovuta mkono wa kamera kusogeza mkanda, ulikuwa mgumu. Nikaulazimisha. Ukaenda kwa mlio kama wa magamba ya samaki yakiparwa, kisha ukawa laini. Hapo ndipo ningeshtuka, na ninyi mkija kukutana na kamera za zamani mshtuke hapo hapo: mkono ukitoka kwenye ugumu ukawa laini ghafla, simama. Sikusimama. Nilipiga pofu wawili chini ya mti. Nilipiga ngedere waliojikunyata wakikumbatiana kama watoto wa bweni. Nilimpiga tandala dume, na kwa tabia ya studio nikamwita kabisa, "Tazama hapa, baba, usipepese!" Akatazama kweli. Nilifurahi peke yangu kama kichaa.

Namba ya kamera ikafika mwisho wa mkanda, ikapita, na mkono bado unavutika. Nikajaribu kurudisha mkanda nyuma, kile kifundo kikazunguka mara chache, chepesi kama mfuniko wa chupa tupu. Nikajua. Mkanda ulikuwa wa akiba ya miaka ya uhaba, umekauka kama jani la tumbaku. Umekatika. Kipande kimoja kimerudi kwenye nyumba yake, kile kikebe kidogo, salama. Kile kingine, cha mwanzo, chenye bibi, kiko uchi ndani ya kamera. Na maji yalikuwa yameshaanza kupenya kwenye ukingo wa mfuniko. Mkanda ukilowa unagandana, ukiubandua unabaki na ngozi tu. Nisingeweza kufika nao mjini.

Nilikimbilia kibandani. Kilikuwa na ukuta wa matete pande tatu na mbele wazi. Nikajikausha mikono kwa majani ya paa, nikafungua koti, nikaketi chini kwenye kona, mgongo ukutani. Mikono ikazama. Nikafungua kamera kwa kupapasa, nikaugusa mkanda. Ulikuwa mkavu bado! Ncha yake tu ndiyo ilikuwa na unyevu. Nikaanza kuuviringisha taratibu, nafumba macho ili vidole vione.

Harufu ndiyo iliyonifumbua macho. Harufu ya mnyama aliyelowa.

Alikuwa amesimama mlangoni. Chui. Siyo wa kufugwa mle ndani, hawakuwa na chui wa kufugwa. Alitoka msituni, alikuja kukwepa mvua kama mimi. Akaingia hatua mbili, akajikung'uta mwili mzima kama mbwa, na maji yakanirukia usoni. Ndipo akaniona. Nafikiri yeye pia alishtuka, maana alibaki na mguu mmoja juu.

Watu huniuliza niliwaza nini. Jamani, sikuwaza kitu cha kishujaa. Nilitaka kuruka, na mwili ulikuwa umeshaanza kuruka wenyewe. Kilichonizuia ni kwamba mikono ilikuwa ndani ya koti, na vidole vilikuwa vimeshika bibi. Nikiichomoa, mwanga unaingia. Mwanga ukiingia, hakuna tena bibi duniani, na jibu la swali la Otilia limekwenda naye. Nikakaa.

Vidole vyangu, kwa mazoea, viliendelea kuviringisha. Koti likatikisika mapajani kwangu. Masikio ya chui yakasimama, macho yakatoka usoni kwangu yakashuka kwenye koti. Alidhani nina kitu hai humo. Nikasimamisha vidole. Akainamisha kichwa, akanusa hewa, akasogea hatua nyingine. Nikaona ndevu zake zina matone.

Miaka yote ile nimewaambia watu, tulia, usipumue, usipepese. Siku ile nilikuwa mimi kwenye kiti cha mteja, na fundi alikuwa yeye. Alinitazama hivyo hivyo tunavyotazama sisi, bila chuki, bila haraka, anatafuta upande mzuri. Nami sikupepesa. Chozi lilinitoka likashuka mpaka mdomoni.

Kisha akalala. Nawaambieni ukweli, alijilaza palepale mlangoni, akanipa ubavu, akaanza kulamba mguu wake. Sijui ilikuwa muda gani. Mvua ilipopungua akainuka, akajinyoosha, akaondoka bila hata kugeuka nyuma. Nyasi zilijifunga nyuma yake kama pazia.

Nilibaki vile vile. Nikasikia filimbi, Mzee Mapunda akaja chini ya mwavuli, akasimama mlangoni, akatazama matope. Mwavuli ukamtoka mkononi.

"Kijana. Hizi nyayo za nani?"

"Za chui, Mzee."

"Umemwona?"

"Alikuwa hapo ulipo."

Akaruka pembeni. "Simama! Toa mikono twende!"

"Bado, Mzee."

"Bado nini?"

"Bado kidogo. Kuna kitu hakijaisha humu."

"Unashona? Chui yuko nje na wewe unashona? Mama yangu! Nimemleta mwendawazimu kwenye hifadhi ya watu!" Akawa anapuliza filimbi kila upande, anarudi, anachungulia. "Umemaliza? Hujamaliza? Mimi naondoka!" Hakuondoka. Nawaombea ninyi mpate watu wa namna yake, wanaotukana huku wamebaki.

Nilisikia mfuniko wa kopo ukijifunga kwa kidole gumba. Nikatoa mikono. Mzee Mapunda akaninyanyua kwapani, tukarudi tukitembea kinyumenyume.

Nilipofika studio Mzee Haule alinipa chai. Nilipomsimulia alitazama kikombe, kisha mimi, akasema tu, "Kwa hiyo hukumpiga." Ndiyo. Chui yuko mbele yangu, karibu kuliko mteja, na kamera imefunguliwa vipande ndani ya koti. Mpaka leo Majengo wananiambia lete picha tuone. Sina.

Tulisafisha vipande vyote viwili. Tangu mkanda ukatike haukuwa umesogea, kwa hiyo wanyama wa Mangi wote walikuwa wamerundikana mahali pamoja, pundamilia, pofu, ngedere, tandala, mmoja juu ya mwingine mpaka pameiva kama mkaa. Mangi aliigeuza picha juu chini.

"Hii nini? Moshi?"

"Wako wote humo, Mangi."

"Wako wote! Nimwambie mgeni achague?" Nilirudi kumpigia wengine jua lilipotoka.

Bibi alikuwa safi. Ncha moja tu ililiwa na maji.

Otilia alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, nje ya mlango. Niliingia kuchapa peke yangu. Nilichagua ile ya kuku, anayocheka. Nikaweka mkanda kwenye mashine, nikapima, na mkono wangu, kwa mazoea, bila kuniuliza, ukachukua soksi ukaiweka chini ya lenzi. Nikawasha, nikazima, nikaizamisha karatasi kwenye dawa.

Ninyi hamjawahi kuona picha ikija. Karatasi ni nyeupe, unaitikisa ndani ya maji chini ya taa nyekundu, kisha mahali fulani panaanza kuwa na kivuli. Kwanza ikaja kanga. Ikaja nyusi. Ukaja mwanya. Halafu uso ukajaa, bila makunyanzi hata moja, mvi zimefunikwa na kanga, na aliyekuwa ananicheka kutoka kwenye beseni hakuwa bibi.

Niliacha kutikisa. Mbele ya chui nilikaa. Hapa nilishika meza kwa mikono yote miwili. Alikuwa vile vile, kama siku alipotoka kwenda mtoni akiniachia Otilia nimbebe. Nikasikia sauti yangu ikiita mama, kama mtoto wa darasa la tano.

Otilia alibisha hodi. "Kaka? Kaka, umeita nani?"

Niliihamishia picha kwenye dawa ya mwisho kabla sijafungua, maana kazi ni kazi. Akaingia, akainama juu ya beseni.

"Hii siyo sura ya bibi," alisema. "Mbona anafanana na mimi?"